Tembea Naye Kabla Mvua Haijanyesha

Mmeongea mpaka maneno yameisha na bado hamjaelewana? Mawe, kamba na kiwanja cha mita kumi vinaweza kuwasaidia. Mimi nimejaribu, tena Rwamgasa, katikati ya makarasha!

Mpenzi msomaji, kuna mwezi ambao wengi wetu tunaupita bila hata kuuona. Januari tunaijua kwa ada za shule. Desemba ni sikukuu, nguo mpya na safari za kwenda kwa wazazi. Septemba je? Inapita tu, kama daladala iliyojaa. Unakuja kushtuka ni Novemba, na yale mliyopanga na mwenzako mwanzoni mwa mwaka bado yako palepale kwenye daftari.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini wanaijua Septemba vizuri. Kwao joto linakatika, majani yanaanza kubadilika rangi na kupukutika, na watu wengi huzitumia wiki hizo kukaa kimya na kujiuliza: mwaka huu nimebeba nini, na nini nikiache kianguke kama yale majani? Tarehe 22 au 23 Septemba mchana na usiku vinakaribia kulingana dunia nzima, na wapo wanaoiadhimisha siku hiyo kwa kutembea taratibu ndani ya njia ya mizunguko iliyochorwa chini, ile inayoitwa labirinti.

Sisi huku Geita hatuna majani mekundu ya kuokota. Tunachokuwa nacho ni vumbi. Kiangazi kinakaribia kuisha, watu wanasafisha mashamba, na mawingu yanaanza kujikusanya jioni halafu yanatawanyika bila kutoa kitu. Na lipo jambo ambalo wengi hatuligundui: Rwamgasa iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita juu kabisa ya utosi wiki moja hivi baada ya siku ile ya usawa, yaani mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Simama nje saa sita na dakika arobaini hivi mchana, utaona kivuli chako kimejificha chini ya miguu yako. Baada ya hapo, tunasubiri mvua. Ukitaka msimu wa kusimama na kujitazama, basi ndio huo!

HII LABIRINTI NI KITU GANI?

Bila shaka umewahi kuona ule mchezo wa kwenye magazeti ya watoto, "msaidie sungura apate karoti". Njia zinagawanyika, nyingine hazitokei popote, na sungura asipokuwa makini anapotea. Labirinti ninayoizungumzia hapa sio hiyo. Hii ina njia moja tu. Unaingia, unazunguka na kuzunguka, mwisho unafika katikati. Kisha unarudi kwa njia ileile mpaka nje. Huwezi kupotea hata ukitaka, kazi yako ni kutembea tu.

Na wala sio mtindo wa jana. Kwenye mji wa kale wa Pylos, Ugiriki, kilipatikana kibao cha udongo chenye mchoro huo wa mizunguko saba, chenye umri wa miaka zaidi ya 3,000. Sarafu za kale za Knossos, kisiwani Krete, zina mchoro huohuo. Ufaransa, kwenye Kanisa Kuu la Chartres, iko labirinti ya mawe sakafuni iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 13, ina mizunguko 11 na upana wa karibu mita 13. Na huko San Francisco, Marekani, kasisi Lauren Artress wa Grace Cathedral aliirudisha desturi hiyo mwaka 1991, akianza na labirinti iliyochorwa kwenye turubai. Siku hizi ziko hospitalini, magerezani, vyuoni na kwenye bustani za watu.

Mimi niliisikia kwa rafiki yangu aliyesoma Marekani. Alikuwa anapitia uchumba uliokuwa unavunjika, akawa anakwenda kutembea pale kila Jumapili. "Haikunipa majibu," aliniambia, "ila ilininyamazisha, halafu nikaanza kujisikia mwenyewe." Nikacheka. Baadaye sikucheka tena, maana na mimi nilikuwa na jambo langu.

JAMBO LENYEWE

Mimi ni mhasibu, nafanya kazi Mwanza. Mwenzangu yuko Rwamgasa, au Lwamgasa kama wenyeji wengi wanavyoitamka, ana hisa kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Tuna miaka miwili ya ndoa. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, nilifurahi kuliko mtu yeyote Kanda ya Ziwa! Foleni ya kivuko ikabaki hadithi, nikawa naweza kwenda kila wikiendi.

Kumbe ukaribu nao una mambo yake. Tulikuwa tumeanza kupanga mtoto. Nilipokwenda kliniki, muuguzi aliniuliza maswali ya kawaida, kisha akauliza mume wangu anafanya kazi gani. Nilipomjibu, kalamu yake ikasimama. "Zebaki anaichomea wapi?"

Nilijua anaichomea wapi. Nyuma ya nyumba yetu, kwenye jiko la mkaa, usiku.

Kwa ambao hamjui machimbo: mawe yakishasagwa, mchanga unaoshwa kwenye mwalo, halafu unachanganywa na zebaki ili inase chembe za dhahabu. Linapatikana donge la kijivu. Donge hilo likichomwa, zebaki inaondoka kama mvuke na dhahabu inabaki. Mvuke huo hauna harufu, na mtu akiuvuta, asilimia 80 hivi inaingia mwilini kupitia mapafu. Unaweza kuleta kutetemeka mikono, kukosa usingizi na kusahausahau. Kwa mama mjamzito, unapita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linaiweka zebaki kwenye orodha ya kemikali kumi zinazotia wasiwasi mkubwa kwa afya ya jamii.

Wala sio habari ngeni hapa kijijini. Rwamgasa ilikuwa eneo la Tanzania kwenye mradi wa Umoja wa Mataifa wa zebaki ulioendeshwa katika nchi sita mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2003 wataalamu walipima damu, mkojo na nywele za watu wa hapa, na wachomaji ndio waliokutwa na zebaki nyingi kuliko wengine. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaotaka matumizi ya zebaki kwenye uchimbaji mdogo yapunguzwe, na inapowezekana yaondolewe.

Basi nikamwambia mwenzangu yote hayo. Akasema amesikia. Wiki iliyofuata jiko likawaka tena. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akaniambia jiko hilohilo ndilo linalotulipia kiwanja. Nikamwambia mimi sizai kwenye moshi. Akanyamaza. Msomaji, kama umeolewa na mtu mkimya utanielewa: ule ukimya unaumiza kuliko matusi! Tukaishi hivyo wiki nne. Salamu zipo, chai ipo, mazungumzo hakuna.

MAWE NA MANENO YA MAJIRANI

Ndipo nikamwambia Jumamosi moja ya Septemba: "Mume wangu, sitaki tuongee. Nataka unisaidie kupanga mawe." Nadhani alikubali kwa sababu ya hayo maneno "sitaki tuongee".

Jambo la kwanza lilikuwa mahali. Mjini unaweza kuchora kwa chaki kwenye sehemu ya kuegesha magari ukamaliza. Rwamgasa huwezi kutembea ukiwa umezama kwenye mawazo bila kuhakikisha hakuna duara la zamani lililoachwa wazi. Huku "duara" sio umbo tu, ni shimo la kuchimbia dhahabu, na mengine yanafunikwa na nyasi. Tulichagua kiwanja cha ndugu yake, kilichokuwa shamba la mihogo, mbali na mashimo. Mawe tuliokota njiani na pembeni mwa shamba. Hatukugusa mawe wala mchanga wa kwenye mialo, na marudio ndio kabisa, maana huko ndiko zebaki inakobaki, na marudio mengine yameshapitishwa kwenye sayanaidi.

Jambo la pili lilikuwa majirani. Huku ukipanga mawe kwa duara bila kusema kitu, jioni utakuwa mganga! Tukamweleza mwenyekiti wa kitongoji kwamba ni njia ya kutembelea tu, kama mazoezi. Akatuangalia, akasema sawa, ila tusichinje kitu. Bibi wa nyumba ya pili akaja jioni. "Mwadila," akasalimia. Tukaitikia. Akazunguka, akatazama. "Wajukuu zangu, mnafukia nini?" Tukamwambia hatufukii, tunatembea. "Kwenda wapi?" Katikati, bibi. "Mkifika?" Tunarudi. Akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akavua kandambili zake, akaingia. Alitembea njia nzima kwenda na kurudi, taratibu, mikono nyuma. Alipotoka hakusema alichokiwaza, alisema tu, "Miguu imetulia."

Kesho yake asubuhi tulikuta mtu amechimba shimo la futi mbili palepale katikati. Vijana walifikiri mawe yale yanaonyesha mwamba wa dhahabu unakopita! Mwenzangu alicheka kwa sauti, na huo ndio ulikuwa mcheko wake wa kwanza mbele yangu baada ya mwezi mzima. Tukafukia, tukapanga upya.

NDANI YA MIZUNGUKO SABA

Tulianza saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa limepoa. Yeye alitangulia, mimi nikamfuata alipokwisha kumaliza mzunguko wa kwanza. Simu tuliziacha ndani.

Njia hii ina ujanja wake. Ukiingia, haikuanzishi nje kabisa. Inakupeleka kwenye mzunguko wa tatu, kisha wa pili, kisha ule wa nje kabisa. Yaani ulianza karibu, sasa unasogea mbali. Halafu inakurusha hadi wa nne, na ghafla uko kwenye wa saba, unapakana na katikati, ukinyoosha mkono unapagusa. Unasema haya, nimefika. Kumbe bado! Inakurudisha nyuma, wa sita, wa tano, na hapo ndipo inageuka na kukuingiza katikati bila kukuaga.

Nilipokuwa ule mzunguko wa nje nilikuwa nimekasirika bado. Nilikuwa napanga hoja kichwani kama wakili. Lakini kuna mahali mwenzangu alipita pembeni yangu akielekea upande wa pili, tumetenganishwa na mstari wa mawe tu. Aliangalia chini, uso wake ukiwa wazi, kama mtu asiyejua kwamba anaonekana. Nikaona amekonda. Yaani wiki nne nimelala naye kitanda kimoja, na sikuwa nimeliona hilo.

Tulikuwa tumekubaliana sheria moja: tukikutana katikati, kila mmoja anasema sentensi moja, na mwingine hajibu mpaka tutoke nje. Nikasema yangu: "Nataka mtoto wako, na moshi ule unanitia hofu." Akakaa kidogo. Kisha akasema: "Nachomea nyumbani kwa sababu kule wakiniona na dhahabu, siku moja watanifuata usiku."

Msomaji, sikuwa na la kusema, na sheria ilikuwa hairuhusu kusema! Nikatembea mizunguko saba ya kurudi na sentensi ile. Kumbe wakati wote ule niliokuwa nasikia ukaidi, mwenzangu alikuwa anaogopa. Tungekuwa sebuleni, ningekuwa nimemjibu kabla hajamaliza. Na yeye, kwa jinsi ninavyomjua, asingeanza.

Tulipotoka tulikaa kwenye jiwe mpaka giza likaingia, ndipo tukaongea kama watu. Hatukumaliza kila kitu, ila tulikubaliana machache. Jiko lile limeondoka nyumbani moja kwa moja. Yeye na wenzake wawili sasa wanachomea sehemu ya wazi mbali na makazi, tena mchana, kwa chombo cha chuma kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki usiruke hewani, na dhahabu inakwenda kuuzwa siku hiyohiyo. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019, likiwemo la Geita mjini, hakuna haja ya kulala nayo chini ya mto. Nguo za kazi haziingii ndani. Mtoto tumemsogeza mbele kwanza, hadi wote wawili tupime na daktari atuambie. Ninachotaka hasa ni aachane kabisa na zebaki. Hilo bado hajalikubali, na bado tunalizungumza.

NA WEWE UKITAKA KUJARIBU

Huhitaji kuja Rwamgasa. Unahitaji kiwanja tambarare cha mita kumi kwa kumi, kijiti cha kuchorea, na mawe au chokaa. Fanya hivi:

Kwanza, chora msalaba katikati. Kwenye kila pembe yake weka kona ya mistari miwili inayotazama katikati, kama herufi L. Nje ya kila kona weka nukta moja, ili nukta nne zifanye mraba. Sasa una ncha 16.

Pili, unganisha ncha ya juu ya msalaba na ncha inayofuata upande wa kulia, kwa upinde unaopita juu. Kisha rudi kushoto, chukua ncha inayofuata, izungushe hadi ncha inayofuata kulia. Endelea hivyo hivyo, kila upinde ukipita nje ya uliotangulia, mpaka ncha zimekwisha. Utapata pinde nane, na katikati yake njia yenye mizunguko saba. Jaribu kwanza kwenye karatasi, maana mara ya kwanza lazima ukosee!

Tatu, acha nafasi ya sentimita 60 hivi kati ya mstari na mstari. Hapo njia nzima itakuwa karibu mita 100 kwenda tu. Ukitembea polepole, kwenda na kurudi ni kama dakika 15 hadi 20.

Nne, kagua chini. Hakuna shimo, hakuna vioo, hakuna mabaki ya machimbo. Waambie majirani mnachofanya kabla hawajajiambia wenyewe.

Tano, ingia na swali moja tu. Usiingie na orodha ya makosa ya mwenzako. Mkikutana njiani kwenye kurudi, mmoja asimame pembeni ampishe mwingine. Utashangaa jinsi hilo peke yake linavyofundisha.

Sita, katikati ni sentensi moja kila mtu. Iwe ya "mimi nataka" au "mimi naogopa". Isiwe ya "wewe huwa".

Kama una wasiwasi wa dini, tulia. Waumini hutembea wakisali, wasio na dini hutembea wakihesabu pumzi. Mawe ni mawe tu, hayaombwi kitu na hayatoi kitu.

Ila niseme wazi jambo moja. Njia hii ni ya watu wawili waliochoka kuongea, sio ya mtu anayepigwa. Kama nyumbani kwako kuna kipigo au vitisho, usipange mawe, dada yangu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa mtu mzima unayemwamini. Na kama shida yenu ni ugonjwa, deni au zebaki kama sisi, kutembea hakutaiondoa. Kutawasaidia tu kuizungumza bila kelele, kisha kazi yenyewe inabaki kufanywa.

Mvua zikianza, nyasi zitaota katikati ya mawe na mwenye shamba atataka kulima. Hilo lisikusumbue. Njia hii haikukusudiwa kukaa milele, na mwakani mwezi kama huu mtapanga nyingine, mkiwa na swali jingine. Kwa sasa mawingu bado hayajakaza. Mtumie mwenzako ujumbe leo, umwambie: "Jumamosi jioni usipange kitu." Kisha mtafute kamba na mawe. Kila la heri!